Alama ya Kutoa

Keko, saa mbili asubuhi. Msasa namba themanini
unakwenda na kurudi juu ya ubao wa mninga.
Baba hasemi. Akifungua mdomo, vumbi huingia.
Nimeshuka na karatasi zangu kutoka Mlimani
kwa kuwa ameuliza, sasa mara ya tatu:
"Hiyo shahada yako, Mwanvita, ni ya kitu gani hasa?"

Nimeomba glasi, maji, na kadi ya mchango wa harusi.
Nimepindua. Kadi imeyashika maji.
Selestini ameacha brashi ndani ya vanishi, anatazama.
Hewa inayo nguvu ya kuyabeba haya, nimesema,
kinachokosekana ni unyoofu tu.
Nimevuta kadi.
Uso wa maji haukuanguka wote pamoja.
Ulijikunja; mkunjo ukaota kidole, kidole kikawa mkono,
maji yakapita hapa, hewa ikapenya pale,
na viatu vya baba vikalowa.

Sasa chukua punje ya mtama, baba.
Ndani yake tia haidrojeni iliyoganda.
Ipige kwa mwanga kutoka kila upande.
Ganda la nje huchemka, hutoka mbio,
na kwa kutoka kwake hukisukuma ndani kilichobaki,
kama bunduki inavyolirudi bega la mwenye kuifyatua.
Kiini kikibanwa sawasawa, jua huwaka
kwa muda mfupi kuliko kope.
Lakini kizito kikibebwa na chepesi hakisahau kasoro:
chunusi isiyoonekana huota kidole,
kidole hutoboa, na jua huzimika
kabla halijapewa jina.

"Basi haiwezekani.
Kilichochongwa vibaya kimechongwa vibaya."

Ngoja. Kuungua kwenyewe kunasaidia.
Uso unaoungua hauna nafasi ya kutunza mikunjo yake:
ncha ya kidole imeusogelea moto, inaliwa upesi,
bonde liko mbali, linasazwa.
Kinachoondoka kinaondoka na kovu lake.
Kwa hesabu ni hivi:
kipeuo cha pili cha yote yanayotaka kuanguka,
halafu alama ya kutoa,
halafu kasi ya kuungua.
Miaka minne nimeishi ndani ya kijistari hicho,
umeme ukikatika saa nane za usiku,
kompyuta ikianza tena kutoka sifuri
kama mtoto aliyeamshwa akasahau alilolilia.

Baba ameugeuza msasa mkononi,
akautazama mgongo wake, kisha tumbo.
"Msasa," amesema.
Msasa, nimesema.

Angeishia hapo ningerudi chuoni nikicheka.
Amevuta ubao mwingine, mrefu, wa mkongo,
ameuinua usawa wa jicho, jicho moja amelifumba.
"Pitisha kiganja."
Laini, kama shavu lililonyolewa sasa hivi.
"Sasa tazama kutoka huku."
Umepinda. Taratibu, ncha hadi ncha,
kama mtu anayetaka kukuinamia akaona haya.
"Huu nimeupiga msasa juzi, kutwa nzima.
Msasa hauoni mpindo wa namna hii."

Nimenyamaza. Ukurasa wa tisini na moja
umeandika hilohilo kwa alama za Kiyunani:
mawimbi mafupi hufa,
marefu hupona, moto ukapita juu yao.

Ndipo amekohoa.
Miaka thelathini na sita ya vitanda, makabati,
meza za watu wa Mikocheni ambao hatukuwahi kula nao.
Katika hesabu yangu kilichoungua huenda mbali,
naandika *mbali*, naendelea na mstari unaofuata.
Hapa Keko kimekaa juu ya nyusi za baba,
kimekaa kifuani, kinabisha hodi kutoka ndani.

Sikuwa na swali la kumuuliza wala jibu.
Nimejifunga kitambaa puani, kingine nimempa,
amekitia mfukoni.
Nimechukua kipande cha msasa.
"Fuata nyuzi za mti," amesema. "Usizikate."